Kikombe kimoja ni gramu ngapi? Inategemea ni kikombe cha nini

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Nyamasaria, Kisumu, anaoka keki za oda nyumbani. Kwa ufupi anasema hivi: "Mwalimu, nina resipe ya keki ya chokoleti nilitoa kwa simu, imeandikwa kwa vikombe, na sisi huku unga na sukari tunanunua kwa kilo. Nilipima kila kitu na kikombe changu cha chai, keki ikatoka ngumu, kavu, imepasuka juu. Niambie tu kikombe kimoja ni gramu ngapi nibadilishe resipe zangu zote mara moja nimalizane nazo. Na kama bado sina mizani nifanyeje?" Resipe yake ni unga vikombe vitatu, sukari kikombe kimoja na nusu, kakao nusu kikombe, maziwa kikombe kimoja, mayai matatu, siagi stiki mbili, beking poda vijiko viwili vya chai, beking soda nusu kijiko, chumvi nusu kijiko, oveni 350.

Dadangu, asante kwa swali na asante zaidi kwa kuandika resipe yote, juu bila hiyo ningekuwa nabahatisha. Namba moja ya kutumia kwa kila kitu haiko. Kikombe kinapima nafasi, mizani inapima uzito, na kila kitu kikavu kina uzito wake kwa nafasi ileile. Chukua kikombe cha mililita 250. Ukijaza maji unapata gramu 250, hiyo ni rahisi kukumbuka. Hichohicho ukijaza sukari ni kama gramu 210, mchele ni kama 200, unga wa ngano ukiutia polepole ni 125 hadi 130 hivi, yaani karibu nusu ya maji, na kakao iko chini zaidi, 90 au 100. Kwa hivyo mtu akikuambia kikombe ni gramu 250 na hajauliza ni cha nini, huyo anaongea juu ya maji, na ukichukua hiyo namba uweke kwa unga utakuwa umetia karibu mara mbili ya kile kinachotakikana.

Na hii kitu wewe unaijua tayari toka sokoni. Ukienda Kibuye ununue gorogoro ya maharagwe na gorogoro ya omena, mkebe ni uleule lakini mfuko wa maharagwe unavuta mkono na wa omena hata mtoto anabeba. Mahindi makavu yakijaa gorogoro vizuri yanapita kilo mbili kidogo, omena haikaribii hapo, juu wale samaki wamelaliana ovyo na katikati yao ni hewa. Na hata kitu kikiwa kimoja bado kuna gorogoro ya kujaza mpaka ikafanya kilima na kuna ya kupitisha mkono juu, kuna mkebe ambao kitako chake kimesukumwa kikaingia ndani, na mnunuzi mwenye macho anaangalia hayo yote kabla atoe pesa. Jikoni ni vilevile kabisa, ni vile tu jikoni anayejaza mkebe ni wewe mwenyewe.

Sasa tuje kwa keki yako, juu hapa ndio kuna jambo ambalo watu wengi hawaelezwi. Kama kila kitu kwa resipe kingepimwa na kikombe, chochote kile, hata kikombe cha chai, hata kopo, keki ingetoka sawa, ingekuwa tu kubwa au ndogo. Ndio maana shosho zetu walichanganya unga wa uji kwa mikebe, miwili ya wimbi, mmoja wa mtama, mmoja wa muhogo, na uji haukuharibika hata siku moja, hazikuhitajika gramu hapo. Shida inaanza pale vitu vingine vinapimwa na kikombe na vingine vinahesabiwa ama vinatoka kwa pakiti. Mayai yako yalikuwa matatu, hayakuongezeka kwa sababu kikombe ni kikubwa. Siagi ulikata kutoka kwa pakiti. Beking poda ulitia vijiko viwili vya chai vile resipe imesema. Hivyo vyote vilibaki pale pale, lakini unga, sukari na maziwa vilipanda na kikombe chako.

Hebu tuhesabu. Vikombe vingi vya chai hapa kwetu vinaingia mililita 300 hadi 350, tuseme chako ni 330. Ukikitumbukiza kwa mfuko wa unga ukatoa kimejaa, na ukikigongesha kidogo kwa meza vile wengi hufanya, hapo ndani kuna karibu gramu 200 za unga. Mara tatu ni 600. Aliyeandika hiyo resipe alitaka 360. Umeongeza gramu 240 za unga kwa keki moja, na mayai bado ni matatu. Sukari nayo ilienda kama 415 badala ya 300. Maziwa yalipanda pia, kutoka mililita 240 hadi 330, kwa hivyo unga uliongezeka kwa zaidi ya nusu na maziwa yakaongezeka kwa kama theluthi tu. Keki kavu, ngumu, iliyopasuka juu, hiyo ndio sura ya unga uliozidi. Mkono wako hauna makosa dadangu, na oveni yako usiiuze.

Utauliza nilijuaje alitaka 360. Resipe yenyewe inasema imetoka wapi. Imetaja stiki za siagi na imetaja moto 350, hiyo ni Marekani, wao wanatumia Farenhaiti na siagi yao inauzwa kwa vipande vya stiki, kila stiki gramu 113. Kikombe cha Marekani ni mililita 237, wengi wanaita 240, na kikombe hicho cha unga wa ngano kinahesabiwa kuwa gramu 120, wengine wanaandika 125, na sukari gramu 200. Ukiona resipe ya Australia kikombe ni mililita 250, na wao kijiko chao kikubwa ni mililita 20 wakati huku kwetu na Marekani ni 15, hiyo imeharibia watu wengi mkate kimyakimya. Resipe za Uingereza za siku hizi kwa kawaida zimeandikwa gramu tayari, hizo hazina kazi. Vikombe vya kupimia vya plastiki vinavyouzwa huku mjini, vile vimefungwa pamoja kama funguo, vingine ni 240 na vingine ni 250, angalia chini yake ama kwenye mpini, imechorwa hapo. Tofauti ya 240 na 250 isikunyime usingizi. Tofauti ya 240 na 330 ndio inaua keki.

Kama hujui kikombe chako kinaingia kiasi gani, nunua maji ya chupa ya nusu lita ambayo haijafunguliwa. Mimina kwa kikombe mpaka kijae hadi pale ungepitisha kisu. Ikiwa chupa imejaza vikombe viwili kamili, kikombe chako ni 250, poa sana, kiandike jina na kalamu kwa kitako na kisitoke jikoni tena kwenda kunywewa chai. Ikiwa kimejaa kimoja na cha pili kimefika nusu tu, hicho ni kama 330.

Turudi kwa unga kidogo, juu unga wa ngano ndio unasumbua kuliko vingine vyote. Sukari ukiijaza leo na ukiijaza kesho tofauti ni ndogo, chembe zake ni ngumu, zinateleza, zinakaa zilivyokaa. Mchele, ndengu, kamande, maharagwe, hivyo pia vinajaa vilevile kila mara. Unga una hewa ndani na hiyo hewa inaingia na kutoka vile unavyoushika. Fanya hivi leo jioni, haitakugharimu kitu. Fungua pakiti, tingisha unga na kijiko ndani ya bakuli mpaka ulegee, halafu utie kwa kikombe kijiko kwa kijiko bila kushindilia, upitishe mgongo wa kisu juu, uangalie. Sasa chukua kikombe hichohicho ukigongeshe kwa meza mara kumi. Utaona unga umeshuka upana wa kidole na kumebaki nafasi pale juu. Hakuna kilichotoka isipokuwa hewa. Ujaze tena hiyo nafasi, ugongeshe tena, na umeshaongeza unga mwingi kwa kikombe ambacho kwa macho ni kilekile. Kwa kikombe cha 250 huo wa kwanza ni kama gramu 127, wa kutumbukiza moja kwa moja kwa pakiti unafika 150 na zaidi, na ukishindilia unaendelea kupanda. Unga uliochekechwa nao unashuka chini ya huo wa kwanza. Ndio maana ukisoma resipe angalia kama inasema kikombe kimoja cha unga uliochekechwa ama kikombe kimoja cha unga halafu uchekeche, hizo ni sentensi mbili tofauti na uzito wake ni tofauti. Mizani haijali umechekecha saa ngapi, gramu 360 ni gramu 360 kabla na baada.

Kwa hivyo namba za kuanzia nazo, za kikombe cha 250, ziandike pahali: unga wa ngano mweupe 125 hadi 130, na wa atta weka hapo hapo mpaka upime wako, sukari ya kawaida 210, sukari ya unga ya kupambia keki kama 120, kakao 90 hadi 100, maziwa ya unga kama 120 lakini hayo yanabadilika sana na kampuni kwa hivyo pima yako, nazi kavu iliyokunwa kama 90, unga wa mahindi 150 hadi 165 ikitegemea ni laini ama ni wa kukoboa, mchele kama 200, maharagwe makavu kama 190, kamande na ndengu kama 200. Resipe ikiwa ya Marekani toa sehemu moja kwa ishirini, yaani 210 ya sukari inakuwa 200. Unga wa wimbi, wa mtama na wa muhogo sitakupa namba, huo unategemea kisiagi kimesaga laini kiasi gani na mmechanganya nini, wa nyumba yako na wa jirani si sawa. Huo pima mwenyewe mara moja, uandike, basi.

Sukari kuna mtego mwingine ambao nataka uukumbuke. Resipe ya Marekani ikisema sukari ya kahawia, kikombe kilichoshindiliwa, haimaanishi hii sukari yetu ya kahawia ya viwanda vya huku Muhoroni na Kakamega. Yao ina majimaji ya molasi, inashikana kama mchanga wa ufuo wenye unyevu, ndio maana wanaishindilia na inatoka gramu 215 au 220 kwa kikombe chao. Yetu ni kavu, inamiminika, hata ukiishindilia haishindiliki. Wewe weka gramu 215 za yetu, keki itakuwa tamu vile inafaa, itakosa tu ile harufu ya molasi na ule ulaini kidogo. Na kwa sababu chembe zetu ni kubwa, ipige na siagi muda mrefu zaidi ama uisage kidogo kwa blenda, juu ukienda haraka utazisikia kwa meno.

Vijiko vidogo navyo. Kijiko cha chai cha kupimia ni mililita 5, kikubwa ni 15, na vile vijiko vya kukorogea chai kwa droo yako usivitumie, kuna vya 3 na kuna vya 7. Kijiko cha chai cha chumvi laini ni gramu 6, beking soda ni kama 5 hadi 6, beking poda ni kama 4, hamira ya chengachenga ni kama 3. Ona vile chumvi na hamira zinatofautiana mara mbili na kijiko ni kilekile. Hapa kwa vitu vidogo mimi sikwambii ukimbilie mizani, nakwambia kinyume. Mizani nyingi za jikoni zinahesabu gramu moja moja, kwa hivyo ukitaka gramu 3 na inakosea moja juu ama chini, umekosea theluthi nzima, na beking soda ikizidi theluthi mteja ataionja. Halafu kuna mizani ukiitilia kitu kidogo kidogo pole pole haioni, inakaa palepale kwa sifuri inafikiri ni upepo. Tumia kijiko cha kupimia, kijae, upitishe kisu. Siku ukianza kuoka kwa wingi, kilo kumi za unga kwa siku, hapo gramu za beking poda zitakuwa 200 au 300 na mizani itafanya kazi yake vizuri.

Resipe yako sasa, niiandike yote kwa gramu uitumie wikendi hii: unga wa ngano 360, sukari 300, kakao 42 hivi, maziwa mililita 240, mayai matatu ya wastani ama makubwa kidogo, siagi au majarini 225, ambayo ni chini kidogo tu ya nusu ya pakiti ya gramu 500, beking poda vijiko viwili vya chai vilivyopitishwa kisu, beking soda nusu, chumvi nusu. Moto 350 wa Farenhaiti ni 175 hadi 180 wa Selsiasi. Kakao ikiwa na vidonge ichekeche pamoja na unga baada ya kupima, si kabla. Na usiongeze unga kwa sababu mchanganyiko unaonekana mwepesi, hiyo ni tabia ya mkono uliozoea mandazi. Keki hii inatakiwa iteremke kutoka kwa mwiko polepole kama utepe.

Umeniuliza kama huna mizani. Pakiti yenyewe ni mizani, watu wanasahau. Pakiti ya unga imeandikwa kilo 2, hiyo ni gramu 2000 ndani bila kuhesabu karatasi. Siku utakayofungua pakiti mpya chukua beseni safi na kikombe chako, ulegeze unga, ujaze na kupitisha kisu kwa njia yako ya kila siku, uhesabu ni vikombe vingapi mpaka pakiti iishe. Ukipata 16, gawa 2000 kwa 16, kikombe chako kwa mkono wako ni gramu 125. Ukipata 13, kikombe chako ni karibu 154, inamaanisha unashindilia ama kikombe ni kikubwa. Hiyo namba ni yako wewe, kwa kikombe hicho na unga huo na mkono huo, na ni bora kuliko jedwali lolote la kutoka kwa simu. Fanya hivyo na sukari ya kilo moja, fanya na mchele, fanya na kakao ya pakiti ndogo, andika kwa karatasi ubandike kwa mlango wa kabati. Kazi ya saa moja hivi na unga unarudi kwa mkebe wake, hakuna kilichopotea.

Lakini nikikuangalia kama mtu anayeuza keki, nunua mizani. Ya dijitali, ya kubeba hadi kilo 5, inayohesabu gramu moja moja, yenye kitufe cha kurudisha sifuri, mara nyingi kimeandikwa TARE. Maduka ya vyombo ya Kisumu na hapa Nakuru yanazo na si bei ya kukutisha. Zile za mshale zenye bakuli juu ni nzuri kwa nyama na viazi, kwa kakao ya gramu 42 mshale hata hausongi vizuri. Ukiipata iweke kwa meza ngumu, sio juu ya kitambaa, sio kwa mto wa kochi, na isiguse ukuta. Weka bakuli, bonyeza TARE isome sifuri, mimina unga mpaka 360, bonyeza tena sifuri, mimina sukari juu yake mpaka 300, tena sifuri, kakao. Bakuli moja, hakuna vikombe vya kuosha, na ukizoea inakuwa haraka kuliko vikombe. Mimina ukikaribia namba kwa kijiko, sio kwa pakiti, juu kilichomwagika juu ya sukari huwezi kukitenganisha tena. Betri zikianza kuchoka namba zinarukaruka, badilisha mapema. Na kuijua kama inasema ukweli tumia tena ile chupa ya maji ya nusu lita, weka bakuli tupu, sifuri, mimina maji yote, inafaa isome 500 ama karibu sana na hapo. Ikisoma 470 irudishe dukani ukiwa na risiti.

Kuna dada mwingine aliniuliza wakati fulani kama gramu za Nakuru na gramu za Kisumu ni sawa kwa sababu ya mwinuko, na nafikiri nawe utafika hapo. Kwa mizani ya jikoni ni sawa, 360 ni 360. Kinachobadilika ni keki vile inafura. Sisi wa Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, hewa ni nyepesi zaidi, keki inapanda haraka halafu inaanguka, kwa hivyo mimi napunguza beking poda kidogo na kuongeza maziwa kijiko kimoja au viwili. Nyinyi mko chini kwa ziwa, mita 1,100 na kitu, mabadiliko yako ni madogo, anza na resipe vile ilivyo. Shida ya huko kwenu zaidi ni unyevu. Msimu wa mvua unga ukiachwa wazi unanyonya maji ya hewani, unakuwa mzito na wenye vidonge, na kikombe chake hakiko tena sawa na cha mwezi wa kwanza. Uufunge kwa ndoo yenye mfuniko unaobana. Ukiona mchanganyiko umelegea kuliko kawaida na umepima gramu zilezile, punguza maziwa kijiko kimoja, usikimbilie kuongeza unga.

Mandazi na chapati usijisumbue sana, hizo mkono wako unajua unga ukitosha, na unaongeza ukisukuma. Gramu zinafaa kule ambako huwezi kurekebisha baada ya kuchanganya: keki, biskuti, mkate wa kuuza ambao kila mteja anataka ufanane na wa jana. Ukiwa na resipe kwa gramu pia unaweza kuizidisha bila kuumwa na kichwa. Oda ya keki mbili na nusu, zidisha kila kitu na 2.5, unga 900, sukari 750, kakao 105, mayai saba na nusu, hapo piga yai moja kwa kikombe na utie nusu yake. Jaribu kufanya hivyo na vikombe vitatu na robo tatu vya sukari uone.

Na kwa vile ni biashara, tumia hizo gramu pia kwa bei, hii ndio inanifurahisha zaidi nikifundisha. Chukua bei ya pakiti ugawe kwa gramu zake. Tuseme pakiti ya kilo 2 umenunua shilingi 200, kila gramu ni senti 10, unga wa keki moja wa gramu 360 umekula shilingi 36. Ile keki yako ya gramu 600 ilikula shilingi 60 za unga, na bado ikatoka kavu, na sukari nayo ikazidi kwa gramu 115. Fanya hesabu hiyo kwa kila kitu kilicho kwa resipe, na uanze na kakao, juu hiyo ndio ghali kwa kila gramu na ndio watu wengi wanajaza kijiko mpaka kinamwagika bila kuangalia.